Chumba Watachukua, Fishi Hapana

Kila asubuhi Séphora alifagia uwanja, akanawa miguu, kisha akateremka kilima pamoja na shangazi yake Godelive hadi kituo cha afya. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Godelive alikuwa muuguzi, na aliona heri mtoto ajifunze kazi kuliko kukaa nyumbani akisikiliza milio ya bunduki.

Kazi ya Séphora ilikuwa kutunza fishi. Kila mgonjwa alikuwa na fishi yake, karatasi ngumu iliyoandikwa magonjwa yake na dawa alizopewa, na juu yake namba. Mgonjwa alikwenda nyumbani na kipande cha katoni chenye namba hiyo hiyo. Pale Butembo jina peke yake halitoshi. Karibu kila nyumba ina Masika wake, msichana wa kwanza, na Kambere wake, mvulana wa pili. Ukiita "Kambere!" mbele ya benchi la wagonjwa, nusu ya wavulana wanasimama.

Siku moja walifika watu waliokimbia vita kule Mbau. Kati yao alikuwa Mama Falonne, amembeba mwanawe mdogo mgongoni. Naye aliitwa Kambere.

"Sindano ya penisilini hapana, mama," Mama Falonne alisema. "Ile ilitaka kumuua. Alivimba uso mpaka shingo."

Godelive aliyaandika maneno hayo kwenye fishi ya mtoto kwa kalamu nyekundu. Halafu akamgeukia Séphora. "Fishi za wageni uzipange leo hii, kila moja kwa namba yake."

"Ndiyo, Tantine."

Lakini namba mpya zilikuwa rafu ya juu, na kupanda kigoda kila mara kulimchosha. Séphora akazichomeka fishi za wageni popote palipokuwa na nafasi kwenye rafu za chini. "Nitazipanga kesho," alijiambia. Kesho ikaja, ikapita.

Kisha wakaja askari. Mkubwa wao alisimama mlangoni, akatazama rafu.

"Chumba hiki tunakihitaji. Toeni makaratasi, tutawashia moto wa kupikia."

"Chumba mtachukua, mna bunduki," Godelive alijibu. "Fishi hapana."

Askari wakacheka. Mkubwa wao akauliza, "Mama, karatasi zitakusaidia nini? Unazila?"

"Wewe uliletwa hapa mwezi uliopita ukitetemeka kwa malaria. Nilikuandikia fishi. Iko hapa. Unataka nayo ichomwe?"

Kicheko kikakatika. Mkubwa wao alikunja uso. "Tukirudi mchana, chochote tutakachokikuta ndani ni kuni." Akaondoka.

Askari mmoja kijana aliachwa kulinda mlango. Alitazama huku na huko, akaegemeza bunduki ukutani na kumshikia Séphora kigoda kisiyumbe. "Noki, noki, petite," alisema kwa sauti ya chini. Haraka, haraka, mdogo wangu. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo.

Gérard, mlinzi wa kituo, alileta magunia. "Tuzimwage humu zote, Godelive. Huu ni wakati wa vita, si wakati wa kupanga."

Séphora alikuwa na fishi mikononi. Zikimwagwa ndani ya magunia, hakuna ambaye angejua kosa lake. Lakini alimkumbuka yule mtoto na shingo yake. Nani angempata kati ya akina Kambere wote?

"Hapana, Papa Gérard!" alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Fishi isiyoonekana ni kama imechomwa."

Kisha akamgeukia shangazi yake, machozi yakimlenga. "Tantine, za wageni sikuzipanga. Nilizichomeka ovyo huku chini. Nilikudanganya."

Godelive alizitazama rafu za chini. Hakumpiga, wala hakumtukana. "Basi zitafute," alisema. "Mimi nitafunga hizi nyingine."

Séphora alipiga magoti, akapekua rafu za chini fishi moja baada ya nyingine. Kila alipoona Kambere alisoma namba, kijiji na jina la mama, kisha akaipeleka fishi kwenye furushi la namba yake. Godelive na Gérard walifunga mafurushi kwa nyuzi za migomba, namba zikifuatana, na juu ya kila furushi wakaandika namba ya kwanza na ya mwisho. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni waliona, wakateremsha vitunga vyao. Mmoja alimwaga viazi vyake chini ili furushi lipate nafasi. Wakaweka kamba za vitunga kwenye vipaji vya nyuso, wakapanda kilima kuelekea kanisani.

Askari waliporudi, walikuta rafu tupu.

"Nani amewaruhusu?" mkubwa wao alifoka.

"Wagonjwa," alijibu Godelive. "Ni zao."

Kesho yake Godelive alitibu watu katika chumba cha nyuma cha kanisa. Alasiri jirani mmoja, Eliane, aliingia mbio na mtoto mwenye homa kali na kidonda kilichotunga usaha.

"Mama yake amekwenda kutafuta mihogo. Aliniachia hii tu." Alitoa kipande cha katoni.

"Anaitwa nani?" Gérard aliuliza.

"Kambere."

"Ah! Kambere gani sasa?"

Séphora alisoma namba, akaenda kwenye furushi lenye namba hiyo, akachomoa fishi. Maandishi mekundu yaling'aa. Sindano ya penisilini ilikuwa tayari mezani. Godelive aliisoma fishi, akairudisha sindano kabatini na kuchukua dawa nyingine.

Mtoto alipolala, Godelive alimketisha Séphora karibu naye.

"Jana ulisema kweli wakati ambapo uongo ungekuwa rahisi. Kwa hiyo mtoto huyu anapumua. Usiseme tena 'nitapanga kesho.' Karatasi ya mtu ukiiweka mahali pake leo, umemtunza mtu mwenyewe. Hawa wenye bunduki wanataka tuwe umati tu, watu wasio na majina wala habari zao. Sisi tutaendelea kumwandika kila mmoja na kumweka mahali pake. Wakitufukuza hapa, tutaandikia chini ya mti. Umenisikia?"

"Nimesikia, Tantine."

"Haya. Rudisha fishi ya Kambere, kisha umwite anayefuata."