Aliyemweleza Ngendo Sinema

Jumapili hiyo ya mwezi wa saba, mwaka wa sabini na nne, Nyeri iliamka na ukungu, na hata baada ya chakula cha mchana jua lilikuwa bado limejificha. Ngendo, msichana aliyeshona nguo katika duka moja mjini, alikuwa nyumbani kwao Gatitu na mama yake, Wacera. Baba alikuwa ameshafariki, na dada zake walikuwa wameolewa mbali. Wacera alikuwa na kifua kibaya, na baridi ya mwezi huo ilikuwa imemlaza kitandani.

Ngendo aliwasha jiko la makaa uani, akalipepea. Alijua vizuri kwamba makaa hungojwa yaive, yawe mekundu, moshi uishe, ndipo jiko liingizwe ndani. Hakungoja. Zabibu, rafiki yake wa kazini, alikuwa mjini akimsubiri, na sinema ilikuwa karibu kuanza. Akalibeba jiko likiwa bado linafuka, akaliweka kando ya kitanda cha mama.

"Na hiyo viatu ya kupendeza, unaenda wapi?" Wacera akauliza.

"Kwaya, maitu. Tuko na mazoezi. Sitakawia."

"Haya. Acha dirisha wazi kidogo, basi."

"Ati wazi? Na hii baridi? Itakumaliza."

Akalivuta dirisha la mbao, akalikomea, akaziba mwanya wa chini kwa gunia. Lakini si baridi aliyoiogopa. Dirisha lile lilitazama uwanja wa jirani yao Magdaline, ambaye binti yake aliimba kwaya hiyo hiyo. Mama angemwita Magdaline tu, wakaongea maneno mawili, na uongo ungefichuka. Wacera aliona sinema kuwa nyumba ya shetani.

Ukumbi ulikuwa umejaa, unanuka makoti yaliyoloa. Zabibu alikuwa amemshikia nafasi. Upande wa pili wa Ngendo kiti kilikuwa kitupu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya Kizungu, na ilikuwa mkorogo mtupu. Mzungu mmoja alikuwa na mashine kubwa mfano wa kinu cha posho. Akiingia leo, anatokea jana. Mke wake aliuawa na gari moshi, kisha mke huyo huyo akaonekana jikoni akikaanga mayai. Mara yule mwanamume akawa kijana, mara akawa na mvi, mara wakawa wawili ndani ya chumba kimoja.

"Si huyo mama alikufa?" mtu akapaza sauti nyuma.

"Atakufa kesho!" mwingine akamjibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Ngendo hakucheka. Alikuwa mtu asiyependa kushindwa na kitu. Hata mshono ukimtatiza, aliufumua wote mpaka aone ulipokosewa. Akamwinamia Zabibu. "Sasa huyu mzee ni nani?"

"Usiniulize mimi. Mimi natazama nguo zao tu."

"Huyo mzee na huyo kijana ni mtu moja," sauti ikanong'ona upande wa pili.

Ngendo akageuka. Kwenye kile kiti sasa aliketi mwanamke aliyejitanda shuka kichwani mpaka kwenye nyusi. Alinuka makaa. Ngendo hakumwona alipoingia, lakini watu walikuwa wakiingia na kutoka, na yeye alitaka kuelewa.

"Mtu mmoja vipi?"

"Amerudi. Huyo kijana anafikiria mke wake yuko salama nyumbani. Huyo mzee anajua hayuko."

"Basi mbona hamwambii?"

"Anamwambia. Tazama."

Kwenye kitambaa cheupe, mzee alikuwa amemshika kijana mkono wa koti, midomo yake ikitetemeka. Kijana alimtazama, akacheka, akajinasua, akaenda zake.

"Lakini akisikia, mke ataishi," Ngendo akasema. "Na mke akiishi, huyu mzee atarudi kutafuta nini?"

Mwanamke akaivuta shuka mbele zaidi. "Hiyo hata mimi sijaielewa."

Picha iliendelea. Mzee alikuwa akikimbia kando ya reli.

"Ngendo," mwanamke akanong'ona. "Enda nyumbani."

Ngendo hakuwa amemtajia jina lake.

"Wewe ni nani?"

"Makaa hayakuwa yameiva. Enda ufungue dirisha."

Ngendo akashika ukingo wa kiti. Alipaswa kuinuka. Alijua hivyo papo hapo, na alijua hivyo maisha yake yote. Lakini kilichomjia kwanza ni aibu. Huyu ni mama wa kanisa, aliwaza. Ametumwa. Nimeshikwa. Nikisimama sasa, ukumbi wote utaniona nikitolewa kama mtoto. Na mbele yake gari moshi lilikuwa linakuja, na mke yuko relini, na mzee hajafika.

"Bado kidogo tu," akasema. "Wacha nione mwisho."

Mwanamke akashusha pumzi. Ngendo aliijua pumzi ile. Ilikuwa yake mwenyewe. Ndivyo alivyoshusha pumzi uzi ulipokatika cherehanini.

"Kila mara unasema hivyo," mwanamke akasema. "Kila mara."

Gari moshi likapiga king'ora. Ngendo akageuka.

Kiti kitupu.

Na hata hivyo alikaa. Hilo ndilo lililomla baadaye kuliko yote: hata baada ya hapo, alikaa. Taa zilipowashwa, hakuweza kukumbuka sinema ilivyoisha.

Nje, Zabibu alimtazama kwa jicho la wasiwasi. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Yule mama aliyekaa pembeni yangu."

"Hapakuwa na mama yeyote, Ngendo. Ulikuwa unauliza, halafu unajijibu. Sauti ni yako." Zabibu akarudi nyuma hatua moja. "Ila ile ya kujibu ilikuwa imezeeka."

Ngendo akavua viatu, akakimbia. Alikimbia barabara yote mpaka Gatitu, tope likimrukia magotini. Hakuomba Mungu. Aliona haya kumwomba.

Uani alikuta watu. Jiko lilikuwa limepinduka kwenye tope, makaa yametapakaa na kuzimika. Dirisha la mama lilikuwa wazi, komeo limeng'oka.

Magdaline akamwona, akamjia mikono wazi.

"Huyu ndiye mtoto! Mama yako ametuambia yote. Ati ulirudi mbio, ukavunja dirisha, ukamtoa kwa moshi. Halafu ukaenda wapi? Tumekutafuta!"

Ndani, Wacera alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amepauka kama jivu. Lakini alikuwa hai.

Ngendo alifungua kinywa aseme si yeye. Watu wote walikuwa wakimtazama kwa upendo. Akakifunga.

Walipoondoka, mama akamwita. "Leta uso hapa." Akampapasa mashavu, paji la uso, pembe za macho, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Ulipobeba hiyo jiko na mikono mitupu, ulikuwa mzee," Wacera akanong'ona. "Mzee kunishinda mimi. Nikasema ni cucu wangu, nyanya aliyekufa zamani, amekuja kunichukua. Lakini mama anajua mtoto wake. Ulikuwa unalia. Ulikuwa unasema, nisamehe, nilikaa mpaka mwisho." Akamtazama. "Mwisho wa nini, mwanangu?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Ngendo. Lingetoka, huenda angepumua.

"Wa kwaya, maitu," akasema.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa, Theuri, alimtaka asimame mbele ya waumini wote. Binti aliyesikia moyoni kwamba mama yake yuko hatarini, akaacha shughuli zake, akakimbia. Wakampigia makofi. Wacera alilia kwa furaha, au Ngendo alidhani ni furaha. Alisimama. Alipokea makofi yale yote, moja moja, na kila moja lilimchoma. Mahali fulani, aliwaza, kuna Ngendo aliyemzika mama huyu. Alimzika, akazeeka na hilo kaburi kifuani, kisha akatafuta njia ya kurudi. Na mimi ninakula matunda yake.

Kesho yake asubuhi alichukua maji na sabuni kwenda kusafisha dirisha. Upande wa ndani wa ubao palikuwa na alama ya kiganja, nyeusi kwa masizi, na pembeni pamegandia kipande chembamba cha ngozi iliyoungua. Alisugua. Akasugua kwa jivu, akasugua kwa kipande cha tofali. Ubao ukaanza kulika, alama haikufifia.

Ngendo akatazama nyuma, hakuona mtu. Akaweka kiganja chake juu ya kile kingine. Kilienea sawasawa, dole gumba juu ya dole gumba, mstari juu ya mstari.

Isipokuwa kidole kidogo. Kwenye alama ile, kidole kidogo kiliishia kwenye kifundo cha katikati, kana kwamba kilikatwa.

"Ngendo," mama akaita kutoka kitandani. "Unasugua nini hapo?"

Akaurudisha mkono haraka, akauficha kwapani. Kidole chake kidogo kilikuwa bado kizima. Kilikuwa kimeanza kuwa baridi.