Televisheni Iliyokunywa Maji Asubuhi

Wiki hiyo hakuna aliyehitaji kumwambia Asho jambo mara mbili. Akitoka shule alijaza mtungi wa maji, akafagia ua, akawafungia mbuzi wa nyanya yake, na yote hayo yakiisha jua lingali juu. Mama yake alishangaa. Mtoto huyu wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa kawaida kufagia kwake kulichukua muda mrefu kuliko safari ya lori kwenda Garbatulla, alikuwa amepatwa na nini?

Alichokuwa amepatwa nacho kilikuwa dukani kwa Kiragu, fundi wa redio, kando ya barabara kuu ya Isiolo. Kilikuwa televisheni.

Ilikaa mezani katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, ndani ya kabati lake la mbao lililosuguliwa hadi likang'aa. Kila jioni saa kumi na moja, matangazo yalipoanza, Kiragu aliiwasha. Sauti ilitangulia. Kisha katikati ya kioo cheusi ikatokea nuru ndogo, ikatanuka, na mara mtu mzima mwenye tai alikuwa amekaa pale akisoma habari. Asho alisahau kufunga mdomo. Mtu yuko Nairobi, wakati huohuo yuko Isiolo, na hajapanda gari!

"Sogea karibu kabisa," Kiragu alimwambia siku ya kwanza. "Unaona nini?"

Asho alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mtu amepotea! Kuna vidoa tu vya mwanga."

"Basi hivyo vidoa ndivyo picha. Viko maelfu, na kila kimoja kina kazi yake. Rudi nyuma."

Asho alirudi nyuma, na yule bwana mwenye tai akarudi. Akasogea, bwana akapotea. Alifanya hivyo mara nyingi hadi Wamucii, mwenzake wa darasa la sita, akamwambia kwamba anafanana na kuku anayedonoa mtama. Asho hakujali. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu cha ajabu kama kile.

Tena hakuwa akitazama kwa kutazama tu. Televisheni ile ilikuwa karibu kuwa yao.

Mambo yalianza na barua. Kaka yake Asho, Robow, alikuwa akisoma shule ya sekondari Nairobi. Aliandika kwamba tarehe mosi Agosti, siku ya Jumamosi, Michezo ya Afrika ingefunguliwa katika uwanja mpya wa Kasarani. Wanafunzi wengi wangeketi jukwaani, kila mmoja na kadi za rangi mbalimbali. Filimbi ikilia, wangeziinua kwa pamoja, na jukwaa zima lingegeuka picha moja kubwa. "Mimi niko kwenye jicho la twiga," Robow aliandika. "Mwambieni Ayeeyo aniangalie kwa televisheni."

Ayeeyo ndivyo watoto wa nyumba ile, wakiwa Wasomali, walivyomwita nyanya yao, Bibi Mako. Yeye ndiye aliyemlea Robow tangu alipoachishwa ziwa. Miguu yake haikumruhusu tena kusafiri mbali, na hakuwa amemwona mjukuu wake tangu Januari. Barua ile alitaka asomewe mara tatu. Siku ya mnada ikafika, akampeleka sokoni fahali wake mmoja, akarudi na pesa zimefungwa kwenye pindo la guntino yake, lile vazi lake refu la kufunga begani.

Kaya nzima iliduwaa. Babake Asho, dereva wa lori, alikuwa akijiandaa kwenda Moyale. Alikuna kichwa.

"Mama, fahali alikuwa wako na pesa ni zako," alisema. "Lakini ni mmoja tu. Ukinunua kitu kibovu, hakuna wa pili, na Robow hutamwona."

"Mimi nimenunua wanyama kabla wewe hujazaliwa," Ayeeyo alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hakuwa akijigamba. Mnadani watu wote walimjua Ayeeyo Mako kwa jambo moja: hanunui mnyama kabla ya adhuhuri. Wako wauzaji wanaowalambisha mbuzi magadi usiku kucha, kisha alfajiri wanawanywesha maji mengi. Asubuhi mbuzi anafika sokoni tumbo limejaa, ngozi imenyooka, anapendeza kwelikweli. Ikifika mchana maji yameshuka, na aliyemnunua anabaki na mifupa. Ayeeyo alikuwa akimchagua mnyama, akamtembeza kidogo, kisha akaketi kivulini na kumngoja achoke. Tangu utotoni Asho alikuwa ameketi naye hivyo, akipiga miayo.

Televisheni mpya ilikuwa ghali mno kwa bei ya fahali mmoja. Hii ya Kiragu ilikuwa kuukuu iliyofanyiwa matengenezo Nairobi, ikawekewa kile kioo kinachotoa picha, ambacho mafundi hukiita tyubu, nacho kikiwa kimefufuliwa. Bei yake ililingana kabisa na zile pesa za pindoni.

Jambo moja tu lilimsumbua Asho. Kila jioni, ikipita robo saa hivi, Kiragu alikuwa akiizima. "Mashine lazima ipumzike," alisema.

Jumanne mteja mmoja alikuja kugombana naye kuhusu redio, na Kiragu akasahau kuizima. Asho na Wamucii walikuwa mlangoni wakitazama. Kwanza nyuso za watu zilianza kung'aa vibaya, nyeupe kama bati jipya. Kisha giza likaingia kutoka pembeni. Wakati Kiragu anaruka kuizima, kilichobaki kilikuwa kivuli na sauti.

"Asho, umeona? Picha imekufa," Wamucii alinong'ona wakiwa njiani.

"Ni antena," Asho alisema haraka.

"Antena gani? Si hata sisi tumeona ikifa polepole?"

"Nimekuambia ni antena!"

Wamucii akaharakisha mwendo. Asho alimfuata, moyo ukimsuta. Aliitaka televisheni ile. Aliitaka sana hivi kwamba alichokiona kwa macho yake alikifukia, na Jumatano alipoulizwa na Ayeeyo kama mashine ni nzuri, alijibu, "Ni nzuri, Ayeeyo, utashangaa mwenyewe."

Alhamisi Ayeeyo alichukua mkongojo wake, wakaenda.

"Salaam aleikum," Ayeeyo alisema mlangoni.

"Habari, Mama. Karibu, karibu kiti," Kiragu alisema, akaipangusa televisheni kwa kitambaa na kuiwasha.

Nuru ikatokea, ikatanuka. Safari hii haikuwa habari, bali kwaya ya wanawake wakiimba huku wakiyumba pamoja. Ayeeyo, aliyevuka mito iliyofurika na kulala porini simba wakinguruma, alishika kifua.

"Subhanallah," alisema polepole. Akanyoosha kidole chenye mikunjo, akagusa kioo, kikalia tisi! chini ya kidole. Akacheka kama msichana. "Huyu mama mwenye kitambaa, ananiangalia mimi! Kijana, na Robow wangu atakuja hapa hivi hivi?"

"Hivi hivi, Mama. Tena leo ukichelewa, kuna mtu wa Burat anaitaka. Amesema atakuja jioni hii."

Mkono wa Ayeeyo ukaenda kwenye pindo, ukaanza kulegeza fundo.

Asho alikodoa macho. Nyanya yake, ambaye watu wa mnadani walichoka kumngoja, leo hata hakuwa ameketi! Dakika hazikuwa zimefika tano. Alimwona mwanamke mzee mwenye furaha kuliko alivyowahi kumwona, na akajua kwamba neno moja lingeiondoa furaha ile. Pengine Robow asingeonekana tena. Fundo likafunguka.

"Ayeeyo," Asho alisema, "haijatembea."

Mkono wa Ayeeyo ukasimama.

"Umesema nini?"

"Haijatembea. Ayeeyo, hii..." Machozi yalianza kumlenga. "Hii imekunywa maji asubuhi. Niliona Jumanne."

Dukani kulisikika kwaya peke yake. Kiragu alipeleka mkono kwenye swichi. "Hebu ipumzike kwanza, Mama, imepata joto."

"Iache," Ayeeyo alisema. Sauti yake haikuwa kali, lakini Kiragu alirudisha mkono. Ayeeyo akafunga tena fundo lake, akavuta kiti, akaketi na mkongojo magotini. Mnadani ndivyo alivyoketi siku zote.

Walingoja. Kwaya iliisha, akaja mtu wa kueleza juu ya mahindi. Yule mtu wa Burat hakutokea. Dakika ya ishirini uso wa bwana wa mahindi ulianza kung'aa kama bati, kisha giza likaingia kutoka pembeni, likammeza yeye na mahindi yake. Sauti yake iliendelea kueleza juu ya mbolea kwenye kioo cheusi.

Kiragu aliizima mwenyewe. Aliketi juu ya kreti la soda, akaangalia chini.

"Sikuiharibu mimi," alisema mwishowe. "Tyubu ikichoka, kuna watu wanaipiga umeme mwingi kwa nguvu. Inaamka, inang'aa kama mpya, lakini haidumu. Niliinunua hivyo Nairobi, Mama. Niliiona inawaka, nikalipa. Kufika huku ndiyo nikajua. Nikaona... nikaona nikipata mtu, nami nitoke."

Asho alingoja matusi, maana Ayeeyo alikuwa nayo ya kutosha kwa lugha tatu.

"Kumbe nawe ulinunua asubuhi," Ayeeyo alisema. "Na mimi leo nilikuwa karibu. Lakini wewe ulijua, mwanangu. Aliyekuuzia alikuumiza mara moja, wewe ukataka kuumiza tena, na mimi mzee."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe nikishaona kitu cha kweli. Huna kingine?"

Kiragu alisitasita, akaingia nyuma ya duka. Alitoka na televisheni ndogo ya plastiki, ubavu wake una ufa uliozibwa kwa gundi. "Hii haipendezi," alisema. "Tyubu ni ileile iliyozaliwa nayo, na imezeeka. Picha ni hafifu. Lakini nyumbani kwangu watoto huiangalia mpaka matangazo yanafungwa. Bei ni nusu."

Aliiwasha. Watu walionekana kama wako nyuma ya chandarua. Asho aliumia moyoni akikumbuka ule mng'ao wa kwanza. Ayeeyo aliketi, akangoja saa nzima, hata Kiragu akamletea chai. Watu wa nyuma ya chandarua waliendelea kuwa walewale. Ndipo Ayeeyo akafungua fundo.

Njiani Asho hakujua atembee mbele ya nyanya yake au nyuma yake. "Ayeeyo, nilijua tangu Jumanne," alisema. "Nilikuambia ni nzuri."

"Nimesikia ulivyosema pale dukani. Beba vizuri hiyo mashine," Ayeeyo alimjibu, na Asho akabaki na aibu yake.

Jumamosi chumba kilijaa majirani. Dirisha lilizibwa kwa blanketi ili picha ionekane. Kiragu, aliyekuja bila kuitwa na bila kudai malipo, alikuwa juu ya bati akizungusha antena.

"Imefika?" alipiga kelele.

"Bado!"

"Na sasa?"

"Hapo hapo! Usiguse!"

Uwanja ukatokea. Chumba kizima kikasema "Aaa!" kwa pamoja. Watu wengi kiasi hicho! Asho hakujua kwamba Kenya ina watu wengi kiasi hicho, wote ndani ya kisanduku chenye ufa. Jukwaa la mbele lilikuwa limejaa wanafunzi wasiohesabika. Filimbi ikalia. Kufumba na kufumbua wanafunzi wakatoweka, na mahali pao akasimama twiga, shingo yake ikipanda kutoka safu ya chini hadi ya juu kabisa.

"Jicho," Ayeeyo alinong'ona. "Jicho liko wapi?"

"Lile pale, Ayeeyo, lile jeusi!"

Filimbi ikalia tena. Kadi zikageuka, na jicho la twiga likafumba. Wazee kwa watoto walipiga makofi. Ayeeyo hakupiga. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

Alimvuta Asho karibu. "Unaona kile kijidoa? Huwezi kukiona, hata mimi sikioni," alisema. "Ndimo Robow alimo. Kama angesema kadi yake ni ndogo, akae nayo chini, leo dunia ingeona twiga mwenye chongo. Na wewe Jumanne ulikuwa na kadi yako, ukaikalia siku mbili. Ukijua jambo la kweli, mwanangu, liinue mapema, hata kama litakunyima unachokitamani. Alhamisi uliiinua kadi hiyo, mkono wangu ukiwa tayari kwenye fundo. Ulichelewa, lakini uliiinua, na ndiyo sababu tumeketi hapa."

Asho alitambaa katikati ya miguu ya majirani mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Pale hapakuwa na twiga wala uwanja, palikuwa na vidoa tu. Filimbi ikalia. Akarudi nyuma polepole, akamwona twiga akifumbua jicho.