Hatua Mia Tatu na Kumi

Kila asubuhi mimi, Muzdalifa, nakaanga vitumbua mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara kuu hapa Kibiti. Mume wangu Bushiri anakaa nyuma yangu na fimbo yake. Macho yake yameingia ukungu. Mwanga anauona, watu hawaoni vizuri. Labda ndiyo maana mpaka leo ananiita kigori.

Adhana ikisikika, Bushiri huenda msikitini peke yake. Fimbo inafuata ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka msikitini ni hatua mia tatu na kumi. Amezihesabu mwenyewe.

Mwaka huu bajaji ziliongezeka. Zikajipanga juu ya njia ya miguu. Malori nayo yakapanda, ili madereva wakanywe chai. Adhuhuri moja fimbo ya Bushiri iligonga tairi la lori. Akashuka kwenye lami ili alizunguke. Basi likapita karibu naye, upepo wake ukamwangusha. Alirudi nyumbani goti linatoka damu, kichwa wazi.

"Kofia iko wapi?" nikamuuliza.

"Imekwenda Lindi na basi," akasema. "Mimi siendi tena."

Kweli hakwenda. Aliswali chumbani, hata Ijumaa. Wenzake walipokuja kumuulizia, alisema kiuno kinamsumbua. Kiuno kilikuwa kizima. Alikuwa anaogopa. Mchana alishinda jikoni kwangu, akionja sufuria na kuniambia chumvi imezidi. Wanawake wenzangu, mnamjua mume wa kushinda nyumbani. Lakini jioni alinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikoniuma.

Nikamfuata Sadallah, kiongozi wa kijiwe cha bajaji. Yeye Mndengereko, mimi Mmatumbi. Makabila yetu ni watani, hata msibani tunataniana.

"Mtani, bajaji zenu zitamuua mume wangu."

"Akifa niite," akasema. "Nitalala kaburini, sitoki mpaka mnipe kuku."

Kijiwe kizima kikacheka. Nami nikacheka. Mdomo ulishazoea.

Nikaenda kwa Dadi, mwenyekiti wa kitongoji. Hata sijakaa, ameshaanza kutabasamu. "Haya Bi Muzdalifa, leo umeleta kichekesho gani?" Nikamweleza habari ya kofia kwenda Lindi. Akacheka mpaka akafuta machozi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kesho yake nilimweleza jirani yetu Shamsia, anayefanya kazi ofisi ya kata. Alikuwa anasubiri vitumbua vyake. Yeye hakucheka.

"Bibi, malalamiko haya umeyapeleka wapi?"

"Kote. Kwa mdomo wangu huu."

"Mdomo huo ndio tatizo. Watu wanadhani unatania. Tena mtu akikuuliza ulilalamika lini, utamwonyesha nini?"

Nikamfungia vitumbua vyake, nikamwongezea kimoja. Hilo nalo hutokea mara moja kwa mwaka.

"Mwandikie barua mtendaji wa kata," akasema Shamsia. "Taja mahali na siku. Eleza kilichotokea na unachoomba. Weka jina lako na namba ya simu. Majirani wenye shida hiyo hiyo nao watie sahihi. Halafu toa nakala, wakugongee muhuri wa kupokelewa, uitunze. Wakikaa kimya, unarudi nayo. Wakizidi kukaa kimya, unapanda nayo halmashauri."

"Naweza kuandika kwamba madereva ni mbwa koko?"

"Hapana, Bibi."

"Hata mwishoni, kwa herufi ndogo?"

"Andika yaliyotokea tu. Yanatosha."

Nina darasa la saba langu. Nikaandika ukurasa mmoja. Mwisho nikaandika: "Tunaomba njia iachwe wazi, na kitu chochote kinachoiziba kiondolewe." Jirani yetu Zuena akatia sahihi, maana wanawe wadogo hupita hapo kwenda shule. Bushiri akaweka dole gumba. Tukawa majirani kumi na mmoja.

Mtendaji wa kata, Hemedy, aliisoma barua mara mbili. Uso wake haukucheka. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Akaniambia barabara kuu ina wakala wake, kwa hiyo na huko ataipeleka. Nilitoka pale nimenyooka kama mwalimu mkuu.

Wiki mbili zikapita, kimya. Nikarudi na nakala yangu. Wiki ya nne kikaitwa kikao, na madereva wakaitwa.

"Sasa sisi twende wapi?" akauliza Sadallah. "Nasi tuna watoto wanaokula."

Lilikuwa swali la haki. Bajaji zikapewa kiwanja nyuma ya soko. Malori nayo yakaonyeshwa mahali pake. Vigingi vya zege vikasimamishwa ukingoni ili gari lisipande tena.

Siku ya ukaguzi Hemedy alipita na futikamba, nasi nyuma yake. Alipofika kwenye meza yangu ya vitumbua, iliyokaa juu ya njia, akasimama.

"Hii ya nani?"

Nikatazama mawingu.

"Ya mtani wangu," akasema Sadallah, kwa upole kabisa.

Hemedy akatoa barua, akasoma: "'Kitu chochote kinachoiziba.' Mwandiko ni wako, Bibi."

Nikaihamishia meza barazani kwangu. Sadallah alinishikia upande wa pili. Alinidai kuku mpaka tukaitua.

Ijumaa iliyofuata Bushiri akavaa kofia mpya. Nilisimama mlangoni, nikaitazama fimbo yake ikifuata ukingo mpaka akaingia msikitini. Aliporudi alikaa, akawa anacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Hatua zimepungua. Sasa ni mia tatu na sita."

"Umekosea kuhesabu, mzee."

"Sikukosea. Zile nne nilikuwa naizunguka meza yako."

"Na miaka yote hukusema?"

"Ningesemaje," akasema Bushiri, "na vitumbua nakula mimi?"