Mgonjwa wa Saa Kumi

Kitu cha kwanza kumshangaza Signe kilikuwa zulia. Lilikuwa limelowa chepechepe chini ya kiti cha mgonjwa, na mwigizaji alishaondoka dakika kumi nzima.

Signe Aho alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ushauri wa vinasaba, kazi ya kumweleza mtu alichorithi katika damu ya wazazi wake. Mazoezi alikuwa anayafanyia hospitalini, katika mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani. Kila Jumanne saa kumi jioni mwigizaji wa kulipwa huingia chumba namba sita akajifanya mgonjwa, ili mwanafunzi ajifunze kutoa majibu bila kumuumiza mtu wa kweli. Signe alijua kila kitu ila kimoja tu: kutamka neno baya. Alikuwa anazungukazunguka, anatabasamu, anamimina maelezo, mpaka mgonjwa anatoka hajui kama ni mzima au anakufa. Msimamizi wake, Lorna Petrich, alikataa mara mbili kumtilia saini kwamba yuko tayari kwa kazi. Ya tatu ikikataliwa, masomo yote yamekwenda na maji.

"Ehe, leo umelikwepa tena lile neno?" Pahoua, mwanafunzi mwenzake, alimuuliza kwenye korido, huku anatafuna biskuti.

"Niache, shoga. Huyu mama wa leo anaigiza mpaka unasahau. Lakini hafuati karatasi. Kila nikimpa majibu ananiambia, hayo si yangu."

Pahoua aliacha kutafuna. "Mama gani? Mwigizaji kapiga simu asubuhi, barabara ya kaskazini imefungwa kwa theluji. Leo hakuja mtu."

Signe alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, na yeye akanyamaza.

Sasa nyinyi mtasema alikuwa amechoka. Ndivyo alivyojiambia na yeye wiki nzima, akila supu yake mbele ya vitabu, akijilazimisha kulala. Lakini Jumanne iliyofuata aliwahi chumba namba sita kabla ya saa, na mama yule alikuwa ameshakaa.

Alivaa koti la sufu la rangi ya kahawia. Theluji ilikuwa mabegani mwake, na haikuyeyuka.

"Nisamehe, mwanangu, nimechelewa," alisema. "Barabara mbaya leo."

Mashine ya joto ukutani ilizimika. Harufu ya petroli ikaingia, petroli na sufu iliyolowa, na kutoka mahali Signe asipopaona, labda chini ya meza, labda ndani ya koti lile lenyewe, ukaanza mlio mdogo, tik, tik, tik, mlio wa taa za tahadhari za gari lililosimama, ukaendelea bila kupumzika huku yule mama akinyoosha mkono juu ya meza na kumshika kiganja kwa vidole vilivyokuwa baridi kuliko chuma cha nje, na Signe akabaki anatazama theluji ile isiyoyeyuka.

"Nipe majibu yangu."

"Jina lako nani, mama?" alinong'ona.

"Darla Kovich. Mbona mnanijua? Mmeniita nije mwenyewe, nimekuja."

Signe alichomoa mkono wake, akatoka anajigonga mlangoni.

Alimkuta Lorna ofisini na Pahoua. Lorna alikuwa mama wa miaka sitini, mkavu wa maneno, mwenye mzaha wa kuuma. Aliposikia jina lile uso ulimshuka, akaketi.

"Nani kakutajia hilo jina?"

"Mwenyewe. Yuko namba sita."

Lorna alianza kusema, taratibu, macho yakiwa mezani.

"Miaka kumi na miwili sasa. Mama yake alikufa kwa ule ugonjwa wa kutikisika, ule unaomaliza akili. Darla akaja kupima kama ameurithi. Majibu yalipotoka alinipigia simu, akanibembeleza. 'Lorna, niambie ndiyo au hapana, basi.' Nikamwambia majibu ya namna hii hatutoi kwa simu, ndio utaratibu, njoo tukae ana kwa ana. Akatoka kwao Eveleth, huko kaskazini, na theluji ile. Gari walilikuta mtaroni, taa za tahadhari bado zinawaka."

"Na majibu yalisemaje?" aliuliza Signe.

"Safi. Hakuwa nao." Lorna alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Neno moja lile. Ningelisema, angekuwa hai. Na ana binti, Maisie, sasa wa miaka ishirini na mmoja. Kama mama hakuwa nao, mtoto hawezi kuwa nao. Sijamwambia. Nilijiambia majibu ni ya mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Niliogopa ataniuliza kwa nini nilimwita mama yake."

"Bibi yangu husema mtu akifia njiani lazima aambiwe," alisema Pahoua kwa sauti ya chini. "Asipoambiwa anaendelea na safari yake."

Lorna aliinuka. Aliingia chumba namba sita, Signe nyuma yake, na pumzi zao zikatoka moshi mweupe. Darla alikuwa palepale.

"Lorna. Hata wewe umezeeka," alisema.

"Huna, Darla," alisema Lorna. "Hukuurithi. Hukuwa nao kamwe."

Darla alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alilia, akacheka, akalia tena, na ilikuwa furaha ya kumvunja moyo yeyote anayeitazama. Kisha akasimama akifunga vifungo vya koti.

"Maisie nimemwacha kwa jirani. Ngoja nimuwahi kabla giza halijaingia. Leo nitaendesha polepole."

Lorna alimpisha njia. Mlio ule ukaanza tena, tik, tik, tik. Signe aliona mkono wa Darla umefika kwenye kitasa, akaona na safari nzima ilivyokuwa inamngoja kule nje, kona ileile, mtaro uleule, jioni baada ya jioni.

"Kaa, mama," alisema. "Nina habari nyingine, na ni mbaya."

Darla alikaa. Signe hakutabasamu.

"Siku ile hukufika. Ulifia barabarani. Ni miaka kumi na miwili."

Halafu akanyamaza. Alimwacha Darla na habari yake, asiijaze kwa maneno, ingawa machozi yalikuwa yanamdondoka mpaka kidevuni.

Darla alitazama vidole vyake. "Nilidhani ni baridi tu," alisema. Kisha: "Na Maisie?"

"Ana miaka ishirini na mmoja," alisema Signe. "Bado anadhani huenda anao."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Mimi ndiye sikumwambia," alisema Lorna.

Taa za dari zilififia. Harufu ya petroli ilikaba koo, mlio ukaenda mbio mpaka ukawa mmoja, na Darla akamtazama Lorna kwa muda ambao Signe alidhani hautakwisha.

"Mpigie simu," alisema. "Usimwite aje. Mpigie."

Mashine ya joto ilinguruma ikawaka. Kitini hapakuwa na mtu.

Lorna alipiga namba ya Maisie, aliyokuwa ameiweka miaka yote, akaikosea, akapiga tena. Sauti ya msichana ilipoitikia, Lorna alijitambulisha, akasema neno lake lote kwa mara moja: mama yako hakuwa nao, na wewe huna.

Ile sauti ikauliza, ndogo, "Mama alijua?"

Signe akachukua simu mkononi mwa Lorna.

"Amejua leo," alisema.