Tundu la Ukubwa wa Sahani

Zamu ya asubuhi ilikuwa inaingia na ya usiku inatoka, na uwanja wa magari wa hospitali pale mjini Thunder Bay ulijaa watu walioinama juu ya vioo, kila mmoja akikwangua barafu kwa alichojaliwa. Kirsti Salmi, mkunga, alikuwa anatumia kadi ya maktaba, maana kikwangulio chake kilivunjika juzi. Mara akamwona mwanamume wa gari la jirani ameinua birika linalofuka mvuke. Akamdaka mkono.

"Ukimwaga hayo maji, kioo kinapasuka."

"Nisipoyamwaga nitalala hapa hapa, dada yangu."

Alikuwa mrefu, amevaa koti jembamba la mvua lisilofaa kitu kwenye baridi ile, na suruali ya mirabaraba ya wapishi. Akajitambulisha kuwa ni Armand Fortier, mpishi mpya wa hospitali, ametoka mji wa Victoria, huko pwani, ambako maji yakishuka kutoka mbinguni hubaki maji. Kirsti akacheka bila kutaka. Akamwambia awashe injini, aelekeze hewa ya moto kiooni, aanzie pembeni. Armand akakimbia jikoni, akarudi na miiko miwili ya plastiki ya kugeuzia mayai. Wakakwangua bega kwa bega mpaka vidole vikafa ganzi.

Kufika Februari, simu ilikuwa inalia kila mapumziko.

"Mkunga wangu, umekula?"

"Nimekula, ila si cha mkono wako."

Kitu kimoja tu kilimkera Kirsti. Armand hakuwa na subira. Alikuwa anakwangua tundu la ukubwa wa sahani mbele ya usukani, kisha anaondoka, akichungulia kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo. Kirsti alimkanya mara tatu. Mara ya nne aligoma kupanda gari lake.

"Unaniogopa, au huniamini?" Armand aliuliza.

Kirsti akanyamaza. Ukimya ule Armand aliuona dharau, na kwa hasira akasema si ajabu anaishi peke yake na miaka thelathini na minne. Neno likishatoka halirudi mdomoni. Kirsti akaondoka kwa miguu, akiteleza, machozi yakimgandia mashavuni. Wiki tatu simu haikulia.

Mwezi wa Machi ikanyesha tena mvua ya barafu, ile inayoganda kwenye kila inachokigusa. Asubuhi Kirsti akapigiwa simu na mume wa Tanis, mama aliyekuwa akimhudumia: uchungu unakuja kila baada ya dakika tatu, na gari la wagonjwa limekwama kwenye mteremko. Nyumba yao ilikuwa umbali wa mitaa sita tu. Kirsti akatoka na mkoba wake, akakuta gari limevikwa barafu nene pande zote. Kikwangulio kipya alikuwa amekisahau kazini. Akashika mfuniko wa kopo la siagi, ukakatika. Akakwangua kwa kadi, kwa kucha, mpaka likapatikana tundu. La ukubwa wa sahani.

Akalitazama. Kisha akaingia, akaondoka.

Mtaa wa tatu, kitu cheusi kikatokea upande wa kulia, upande asiouona. Akakanyaga breki. Gari likateleza kiubavu, taratibu, kama halina haraka, likasimama hatua moja kutoka kwa mtu aliyeanguka kwa magoti.

Alikuwa Armand.

Aliinuka, akakitazama kioo, akaliona tundu. Kirsti akateremka, akingojea maneno anayostahili. Armand akauliza tu, "Nani anajifungua?"

"Tanis. Dakika zinakwenda."

"Zinakwenda kweli. Wewe shika upande ule."

Akavua mfuniko wa kibweta chake cha chakula, akakwangua kioo cha mbele chote, cha kulia, cha nyuma. Kirsti akakwangua cha kushoto kwa kadi iliyopinda.

Ndani ya gari ndipo Kirsti alipomweleza kuhusu Anneli, mdogo wake, anayetembea kwa magongo tangu alipogongwa na dereva ambaye, kwa barafu ya kiooni, hakuona kitu.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nakuogopa wewe. Hukuuliza naogopa nini."

Armand akainamisha kichwa. Akamwomba radhi kwa lile neno, polepole, bila kujitetea.

Mtoto wa kike alizaliwa saa nne kasorobo, akalia kwa nguvu. Armand alikuwa jikoni kwa Tanis akimpikia uji baba wa mtoto. Kirsti akaja kunawa mikono kwenye sinki.

"Ulikuwa unakwenda wapi kwa miguu katika utelezi ule?"

"Kwako. Nikuombe msamaha." Akakoroga uji. "Na nikuulize kama utakubali kuolewa na mtu asiyejua barafu."

"Asubuhi hii nimekaribia kukuua, Armand. Bado unauliza?"

"Bado."

Kirsti akafunga bomba. Akaiweka mikono yake miwili, ingali na maji, ndani ya mikono ya Armand, akamwambia ndiyo.