Wakazi: Hakuna

Sahani zilikuwa tatu. Je Wajua alizihesabu tena, akidhani macho yanamchezea, kisha akamtazama binti yake aliyekaa kwenye kiti chake cha kila siku, mikono mapajani, akisubiri chakula cha mchana.

"Mama Chiriku, umemsahau mwenzetu," alisema akicheka.

Mkewe akainua uso. "Nani?"

"Mwanao!"

Mkewe akakitazama kile kiti, akagutuka, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Jamani! Akili yangu sijui nimeiweka wapi." Akaenda kuleta sahani ya nne. Mama mzazi wa Je Wajua, aliyeishi nao, akacheka, na Chiriku, mwenye miaka saba na mdomo usiojua likizo, akacheka kuliko wote. Yakaisha. Tuseme yalionekana kuisha.

Jina la Je Wajua alipewa kazini. Alikuwa mpima ardhi wa kituo kipya cha satelaiti, na hakuna kikao alichokaa bila kutoa kioja. Je, wajua kwamba nyayo za watu waliotembea mwezini bado zipo, kwa kuwa kule hakuna upepo wa kuzifuta? Je, wajua kwamba zipo nyumba za ibada za kale zilizojengwa ili jua la asubuhi liingie hadi ndani kabisa, siku chache tu za mwaka? Je, wajua kwamba kuna vyombo viwili vilivyotumwa kupita sayari zote, vimebeba salamu za lugha hamsini na tano, endapo huko mbele kuna mtu wa kuzipokea? Wenzake walimcheka, lakini walimsikiliza.

Kioja kimoja tu hakuwahi kumsimulia mtu.

Miezi mitatu nyuma alipanda kilima kimoja kupima mahali pa kusimamisha dishi. Juu palikuwa na gofu la nyumba ya ibada, kuukuu kiasi kwamba hakuna aliyejua walioijenga walimwomba nani. Paa halikuwepo, ila sakafu ilikuwa safi, na michirizi ya ufagio ilionekana bado mbichi. Mlangoni alisimama bibi kizee, ufagio mkononi.

"Mnaishi wangapi hapa?" Je Wajua aliuliza huku akifungua fomu. Hata shikamoo hakutoa. Jua lilikuwa kali, na dereva alikuwa akipiga honi kule chini.

"Hilo dude mnalotaka kuliweka ni la nini?" bibi naye aliuliza.

Hapo alimgusa penyewe. Je Wajua akamweleza habari za satelaiti, akafika hadi kwenye zile salamu za lugha hamsini na tano.

"Na huko mnakozipeleka, mmeshamwona mtu?"

"Bado, bibi."

"Na mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Basi niandike."

Eneo lenye mkazi, hata mmoja, maana yake ilikuwa vikao, barua na mwaka mzima wa kusubiri, na Je Wajua alikuwa ameahidiwa ukuu wa idara dishi likisimama kwa wakati. Alishuka hadi kwenye gari, akaweka fomu pajani, na mbele ya neno Wakazi akaandika: Hakuna. Akatia sahihi. Wiki iliyofuata tingatinga lilipanda. Jioni alimuuliza dereva wa tingatinga, kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu, kama alimkuta mtu kule juu. Dereva akasema hakumkuta mtu. Je Wajua hakuuliza mara ya pili, kwa sababu aliogopa jibu.

Siku mbili baada ya zile sahani, mwalimu aliita majina ya darasa zima, la Chiriku akaliruka. Mtoto aliponyoosha kidole, mwalimu alimuuliza amepotea kutoka darasa gani. Kesho yake Je Wajua alimkuta mama yake akirundika masanduku juu ya kitanda cha mtoto.

"Mama, unafanya nini?"

"Napanga vitu. Si stoo hii?"

Siku iliyofuata aliita, "Mama Chiriku!" mara tatu, mkewe asigeuke. Alipomgusa bega, mkewe alimtazama kwa hofu.

"Chiriku ndiye nani?" alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mwenyewe hakujua kwa nini.

Mtoto naye alianza kupungukiwa na maneno. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, "kuna mtu anafagia."

Je Wajua alikuwa amekwisha kusikia. Fyaa, fyaa, polepole, nyuma ya mlango wowote ambao hakuwa ameufungua, pamoja na harufu ya vumbi la mawe ya zamani lililomwagiwa maji. Alijua harufu ile ameipata wapi. Alijua, akanyamaza, na hilo ndilo lililomtafuna kuliko ufagio wenyewe.

Jumamosi, jua likiwa utosini, Chiriku alikuwa akirudi kutoka getini kuja barazani, na baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni akimngoja, aliona vumbi la uani likipokea nyayo zake ndogo za miguu mitupu, moja, mbili, tatu, kisha akaona michirizi myembamba ya ufagio ikijichora nyuma ya mtoto, bila mkono, bila ufagio, bila hata kivuli, ikazoa unyayo wa kwanza, ikazoa wa pili, ikimfuata kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka, ikikaribia kisigino chake, na mtoto kadiri alivyokaribia baraza ndivyo alivyozidi kupauka, hadi baba yake akaweza kuliona geti kupitia kifua chake.

Alimrukia, akambeba, asimweke chini tena. Akiwa na mtoto begani alitoka kwenda kumtafuta mganga.

Mganga alikuwa mama mmoja mwenye miwani mizito. Alipoingia sebuleni tu alisema, "Huyo mtoto ana nini? Mbona hamjampa kiti?"

Je Wajua akalia kwa kwikwi. Kwa siku nzima hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwona. Akasema yote, kuanzia honi ya dereva hadi sahihi. Mkewe na mama yake walisikiliza kama watu wanaosimuliwa habari za majirani.

"Nimezaliwa chini ya kilima kile," mganga alisema. "Tangu enzi za bibi yangu hakuna binadamu aliyeishi pale. Lakini palifagiliwa kila siku, na kila aliyepita alisalimu."

"Kwa hiyo ni jini?"

"Ni mwenyeji. Hakukuomba damu wala ubani. Alikuomba mstari mmoja tu, ukamnyima, na salamu mnazo za kuwapelekea nyota! Ulimwandika hakuna. Na yeye anamwandika mwanao hivyo hivyo."

"Nikibadilisha fomu, mama, kazi yangu imekwisha."

"Basi amua upesi." Mganga alivua miwani, akaifuta, akamtazama mtoto kwa shida. "Mimi mwenyewe jina lake umenitajia sasa hivi, na limeshanitoka."

Je Wajua hakungoja zaidi. Alimwendea mkurugenzi wa kituo, asiyekosa ofisini hata Jumamosi, akaomba fomu ya masahihisho, na huku Chiriku akiwa pajani akaandika: Mkazi mmoja. Mwanamke. Nilimwona, nikaandika hakuna. Nilifanya makusudi.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. "Unajua hii itakufikisha wapi?"

"Najua."

"Na hapa umeacha wazi. 'Mkazi amehamia wapi?' Ikiwa wazi haipokelewi."

Ukweli ni kwamba hakumhamishia popote. Kudanganya tena hakuthubutu. Je Wajua akaandika namba ya nyumba yake.

Muhuri ulipogonga karatasi, mkurugenzi alitazama juu. "Kumbe umekuja na binti yako! Mnafanana kweli."

Alirudi nyumbani bila kazi, akiwa na furaha ambayo hakustahili, naye alijua hakustahili. Kutoka jikoni mkewe aliita, "Baba Chiriku, chakula!" Mama yake alikuwa akiondoa masanduku kitandani, akimgombeza asiyejulikana aliyeyaweka. Chiriku alikuwa ameshaanza kusema, na hakuonyesha dalili ya kunyamaza.

Mezani sahani zilikuwa tano.

Hakuna aliyeshangaa. Mkewe aliipakulia ile ya tano vizuri, akaisogeza mbele ya kiti kitupu. Fyaa, fyaa, ilisikika koridoni, ikija.

"Baba," Chiriku alimkumbusha, "hujamsalimia bibi."

Je Wajua akageukia koridoni. "Shikamoo, bibi."

Ufagio ukasimama. Kiti kikavutwa taratibu, na harufu ya mawe yaliyolowa ikajaa mezani.

"Marahaba," ilijibu sauti aliyoijua. "Mnaishi wangapi hapa?"

Je Wajua akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kwa sauti, akichunga asije akamruka mtu.