Siku Nne za Mzee Eustaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Albina alimchongea baba yake penseli na kumwekea wino karibu na kitanda. Mzee Eustaki alichora picha za vitabu vya watoto pale nyumbani kwao Sumbawanga. Siku hizo wachapishaji binafsi walikuwa wakiongezeka Dar es Salaam, na kazi zao zilimfikia kwa posta. Hakuwa mtu wa kuchora kitu asichokiona kwa macho. Lakini mwaka ule miguu ilimvimba, hata kufika mlangoni ikawa shida.

Katika kitabu kimoja ilikuwa imebaki picha moja, ya ng'ombe wakilima. Nyumbani kwa mzee walilima kwa jembe la mkono, wala hawakujua nira hufungwaje. Akamtuma Albina kwa kina Shija, mwanafunzi mwenzake, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao nje kidogo ya mji, akatazame vizuri. Njiani Albina akakuta wenzake wanacheza rede, akanogewa. Jioni alimwambia baba, bila kupepesa macho, kwamba nira hufungwa kwenye pembe.

Baba aliamini. Alichora siku nne, akipumzika kila baada ya mistari michache.

Siku iliyofuata Shija alikuja kumjulia hali mzee. Alipoiona picha aliuliza ng'ombe hao watavutaje jembe kwa pembe, maana nira hukaa shingoni. Mzee Eustaki akamgeukia binti yake, akangoja.

"Sikwenda, baba," Albina alisema. "Nilidanganya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila picha hiyo haiendi. Kuna mtoto ataiamini."

Akaomba karatasi nyingine aanze upya, lakini penseli ilimponyoka mara tatu, akaiacha. Mama alizifunga picha nyingine za kitabu pamoja na barua ya kuomba radhi, akazipeleka posta.

Mzee Eustaki alizikwa kabla kitabu hakijatoka. Kilipofika, Albina alikuta ukurasa wa ng'ombe una maneno matupu, hauna picha. Alilia sana.

Mama alimkalisha kando yake.

"Ulisema kweli, na watoto wengine hawakudanganywa," alimwambia. "Lakini ulichelewa siku nne, na baba yako hakuwa na nyingine za kuchora. Ukitumwa kuangalia, mwanangu, nenda ukaangalie."